Kwa Wanaoanza Kusomea Volkano za Rungwe

Kijana anayemaliza shahada ya jiolojia na kuamua kusomea volkano mara nyingi huwa amevutwa na picha za lava nyekundu inayotiririka: Nyiragongo mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, au Ol Doinyo Lengai, ambako lava hutoka nyeusi, yenye joto lisilozidi sana nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Hamu hiyo ni njema na sipendi kuizima. Hata hivyo, akija kufanya kazi Rungwe, mkoani Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania, atakuta milima ya kijani, mashamba ya chai, migomba na viazi, na mvua inayonyesha kwa miezi mingi ya mwaka. Ushauri wangu wa kwanza kwake ni kwamba asichague utafiti kwa kufuata kinachopendeza macho, bali aanze na swali la mkazi wa hapa: mlima huu ukiamka, ni kitu gani kitanifikia, kwa njia gani, na baada ya muda gani?

Swali hilo likitangulia, mpango mzima wa kazi hubadilika. Lava ya basalti huunguza nyumba na kufunika mashamba, lakini kwa kawaida mtu mzima huweza kuikimbia. Ile ya Nyiragongo ya mwaka 1977 iliua watu kwa sababu ina silika (kiambato kinachoifanya lava iwe nzito) kidogo mno, ni nyepesi kama maji, na ilishuka kwenye miteremko mikali. Sasa tazama historia ya kwetu. Volkano ya Kyejo ilitoa lava takriban mwaka 1800. Mlima Rungwe, kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, ulilipuka kwa nguvu iliyorusha mawe mepesi ya pumisi na majivu hadi zaidi ya kilomita 30 angani. Volkano ya Ngozi nayo, katika muda usiozidi miaka 1,000 iliyopita, ilitema mawingu mazito ya majivu na gesi ya moto yanayotambaa chini kwa kasi ambayo hakuna binadamu wala gari linaloweza kushindana nayo. Kwa hiyo mtafiti anayeijua lava peke yake, katika eneo hili, anajua sehemu ndogo ya hatari, tena ile iliyo ya polepole zaidi.

Baada ya hapo, jifunze kusoma tabaka kwa mikono yako. Katika kingo za barabara zilizochongwa kuzunguka mji wa Tukuyu utaliona tabaka la pumisi likiwa limelala chini ya udongo mweusi wa shamba: punje za rangi ya krimu, zenye matundu tele, nyepesi kiganjani, nyingine zikipondeka kwa kidole. Wengi hupiga picha na kuondoka. Wewe kaa hapo. Safisha ukuta kwa jembe dogo hadi mpaka wa juu na wa chini uonekane wazi, pima unene kwa futi kamba, tafuta punje kubwa zaidi za pumisi na vipande vikubwa zaidi vya mwamba mgumu vilivyochanganyika nazo, uzipime na kuziandika. Angalia kama tabaka linatulia sawasawa juu ya vilima na mabonde, jambo linaloonyesha kwamba lilianguka kutoka angani, au kama limejaa mabondeni na kukonda vilimani, maana yake lilitambaa juu ya ardhi. Ukipata kipande cha mkaa chini yake, kichukue kwa koleo safi na si kwa vidole, kwa kuwa mkaa huo ndio utakaopimwa umri kwa njia ya kaboni.

Rudia hayo kila unapopata ukuta, kisha unganisha kwenye ramani sehemu zenye unene ulio sawa. Ni kwa kazi ya namna hii, wala si kwa kushuhudia, ndipo ilipojulikana kwamba siku ya mlipuko ule mkubwa wa Rungwe upepo ulikuwa karibu haupo: tabaka limeenea kuuzunguka mlima bila kuegemea sana upande mmoja. Kwangu mimi hakuna kinachonifurahisha zaidi katika taaluma hii.

Uendapo kijijini, pitia kwanza ofisi ya kijiji na barua yako ya utambulisho, ukamwone mwenyekiti na mtendaji, kisha uombe kukutanishwa na wazee. Huo si utaratibu wa heshima tu. Habari ya lava ya Kyejo ilihifadhiwa na masimulizi ya wenyeji kabla ya mjiolojia yeyote kuiandika, na hakuna kifaa ambacho kingetuletea taarifa hiyo mwanzoni. Msikilize mzee mpaka amalize, usimkatize kwa maswali ya tarehe. Muulize ardhi ilitetemeka wapi, chemchemi gani ilibadilika joto, ni bonde gani ambalo watoto hukatazwa kuchezea na kwa nini.

Hilo la mabonde nalisisitiza. Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), inayoweza kumkosesha mtu pumzi, hutoka ardhini katika sehemu kadhaa za Rungwe bila mlipuko wowote, na karibu na Kyejo huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama mashimoni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukiona ndege au wadudu waliokufa ndani ya kishimo, usiiname kuchukua sampuli. Rudi nyuma, panda juu, na usiwe peke yako kamwe.

Kuhusu masomo nitasema machache: jifunze kemia na takwimu vizuri, jifunze kusoma picha za setilaiti, na zoea kuandika namba ya sampuli mara mbili, juu ya mfuko na ndani yake, kwa sababu mvua ya Tukuyu hufuta wino.

Lililo gumu kuliko yote ni kusema. Shuleni tulifundishwa volkano hai, iliyolala na mfu, na watu wakisikia mlima umelala huelewa kwamba suala limekwisha. Waeleze kwamba miaka 200 tangu lava ya Kyejo ni muda mfupi sana kwa volkano. Usitaje mwaka wa mlipuko ujao, hata mwandishi wa habari akikubana, kwa maana hakuna anayeujua, lakini usijifiche pia nyuma ya lugha ya maabara. Ripoti yako iwe na kurasa chache za Kiswahili na ramani moja inayosomeka, na nakala ibaki kwa kamati ya maafa ya wilaya na katika kila kijiji ulichopima. Kwenye ramani hiyo weka alama kando ya mito Kiwira na Mbaka, ambako majivu yakilowa mvua yatashuka kama tope, na uonyeshe shule na zahanati zipi ziko chini bondeni na zipi ziko juu.