Jaji kwenye sarafu ya fedha

SWALI: Nimeachiwa na mjomba dola ya Marekani ya mwaka 2005 yenye sura ya John Marshall. Ni nani huyu? Nitaijuaje kama si feki? Imeanza weusi, niisugue kwa majivu? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pole ndugu, majivu yaache jikoni! Ukisugua unaacha mikwaruzo, na mkusanyaji huiona mara moja akiigeuza kwenye mwanga. Weusi ule ni salfa ya hewani imeshikana na fedha. Haupunguzi thamani kama mikwaruzo.

Marshall (1755–1835) alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1801 hadi kifo chake. Hukumu yake ya 1803, kesi ya Marbury na Madison, ndiyo iliyoipa mahakama meno ya kubatilisha sheria inayokiuka Katiba. Sarafu ilitolewa kuadhimisha miaka 250 ya kuzaliwa kwake. Yumo pia kwenye stempu ya senti 40 ya 1955.

Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kidijitali. Iwe gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, na herufi P, alama ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Fedha ni asilimia 90, iliyobaki shaba. Ikinasa sumaku, ni feki. Isiponasa bado usishangilie, maana shaba nayo hainasi. Feki ya madini mepesi ikifikisha uzito huo, huwa nene kuliko kawaida.

Ishike ukingoni. Vumbi la Dodoma lipulize kwa bomba la mpira, usifute kwa kitambaa. Ihifadhi kwenye kikopo chake; mifuko laini ya plastiki ya PVC huacha utando wa kijani.