Mwanangu, sikio ndilo linaloanza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshazima jiko. Unauliza kama mtu anaweza kuwa mshairi wa jukwaani na mtunzi wa tamthilia akiwa hapa hapa Lubumbashi, au ni lazima aondoke kama alivyoondoka yule mwandishi, Fiston Mwanza Mujila. Yaani unataka nikuambie uache uhasibu wa Kolwezi ama ubaki nao.

Nimemfuatilia huyo Fiston tangu uliponionyesha video yake. Ni mtoto wa mji huu, wa 1981, wakati Gécamines, kampuni ya madini, ilikuwa bado inatulisha. Tangu 2009 anaishi Graz, kule Austria. Wewe unamwona mtu aliyefika. Mimi namwona anahangaika kama tulivyohangaika sisi mishahara ilipokoma: mashairi, tamthilia zinazochezwa hadi Vienna, kufundisha fasihi ya Afrika chuo kikuu, kupanda jukwaani na wapiga jazi. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ambayo ndani ya baa moja wachimba madini na wanafunzi wanabanana usiku kucha, ilitoka 2014, akiwa ameshaandika mashairi na michezo kwa miaka. Kazi moja haikumtosha. Hilo liweke akilini, sitalirudia.

Nililolipenda ni jambo jingine. Amesimulia kwamba utotoni alitamani kupiga saksofoni, na saksofoni haikupatikana. Akageuza sauti yake kuwa saksofoni. Ndiyo maana akisoma anakoroma, anavuta neno, analirudisha, jasho linamtoka. Mtu wa namna hiyo hakuanza na kalamu. Sikio ndilo linaloanza, nimekuambia tangu ukiwa mtaani Katuba unajifunza kuhesabu.

Sasa nikuambie kitu ambacho baba yako anakijua nusu tu.

Mwaka 1986 nilicheza mchezo. Enzi hizo sote tulimtazama Mufwankolo kwenye televisheni na kundi lake, wakiigiza kwa Kiswahili chetu hiki cha kila siku. Hawakushika maandishi: walikubaliana hadithi, kila mtu akajua ataingia lini, maneno yakatoka pale pale. Na sisi kambini kwa wafanyakazi tukafanya hivyo hivyo. Nikapewa nafasi ya mke ambaye mumewe anakunywa mshahara kabla haujafika nyumbani. Wakaniuliza nitasema nini. Nikasema, najua la kusema.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimelisikia jikoni kwetu. Yale maneno yalikuwa ya nkambo wako, mama yangu. Namna yake ya kuhesabu noti juu ya meza, anaweka moja, ananyamaza, anaweka ya pili, kisha anasema taratibu, "Hii ya chumvi. Hii ya sabuni. Na hii ya nani?" Nilichukua mpaka ule ukimya. Ukumbi ulijaa. Katikati nikasahau kabisa kinachofuata. Nilisimama na mwiko mkononi, sikusikia hata kikohozi. Mzee aliyecheza mume wangu akanusa hewa, akasema, "Mama, bukari inaungua, na weye unaangalia batu?" Watu wakalipuka kwa kicheko, nami nikarudi kwenye hadithi. Furaha ya dakika ile, mwanangu, sijaipata tena mahali popote, hata siku ya harusi, Mungu anisamehe.

Nilipotoka, baba yangu alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nyuma yake mama, macho yamelowa kwa kucheka. Baba akaniambia, "Umewaingiza watu wote hawa ndani ya nyumba yangu." Akaondoka kwa miguu. Sikucheza tena.

Miaka mingi nilisema alinikosea. Tulilipwa nini? Soda na nauli, na bado akaninyang'anya hata hilo. Lakini nikikaa peke yangu nasema, hapana, alikuwa na haki kidogo. Sikumwomba. Kisha nasema tena: ningemwomba, angekubali? Na mama alicheka kuliko wote, kwani maneno yalikuwa ya baba au ya mama? Hapa huwa nakwama.

Ndiyo maana swali lako la kuondoka au kubaki halinisumbui sana. Ndege inapakia mtu na masikio yake. Fiston yuko Graz, lakini kelele za mji wetu bado zinatoka kinywani mwake. Ninachokiuliza mimi ni unazungumza kwa kinywa cha nani. Shairi lako la mwisho, lile la mwanamke anayepanga noti chini ya taa, nililisoma nikaweka simu chini. Hukuwahi kumwona nkambo. Mimi ndiye uliyeniona, kwa hiyo nilikuwa nahesabu kama yeye, na sikujua kama ulikuwa macho.

Unataka uamuzi wangu. Ninao, na umenifika mpaka kwenye ulimi. Leo sitautoa, kwa sababu baba yangu alitoa wake haraka sana, pale mlangoni, na mimi nikaubeba miaka karibu arobaini.

Nifanyie hili kwanza. Shairi lile usinitumie tena kwa maandishi. Lirekodi kwa sauti, usiku, nyumba ikiwa kimya, halafu unitumie. Nataka kusikia kati ya noti ya pili na ya tatu unanyamaza kwa muda gani.

Mama yako