Shaba pekee haitoshi

Ndugu, unayesema shaba peke yake inatosha kugeuza hewa ukaa kuwa methanoli (alkoholi yenye sumu inayotumika kama mafuta): shaba tupu haiwezi kukufanyia hivyo kwa kiwango cha maana. Kichocheo cha viwandani, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, ni shaba iliyochanganywa na oksidi ya zinki, juu ya oksidi ya alumini, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi na mgandamizo mara 50 hadi 100 ya ule wa hewa ya kawaida. Zinki ndiyo huipa shaba nguvu ya kazi, na alumini huzuia chembe zake zisigandamane.

Nafundisha kemia sekondari hapa Kisumu, na hesabu hii tunaifanya ubaoni: kilo 44 za hewa ukaa na kilo 6 za hidrojeni hutoa kilo 32 za methanoli na kilo 18 za maji. Gharama iko kwenye hizo kilo 6, maana kutenga hidrojeni kutoka kwa maji kunakula umeme mwingi sana. Aisilandi walizindua kiwanda chao cha methanoli hii, huko Svartsengi, 2012 kwa umeme wa mvuke wa ardhini, ndiyo sababu mimi huwaambia wanafunzi waitazame mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, hapo Nakuru. Mvuke tunao.

Lakini usichanganye methanoli na ethanoli, alkoholi ya vileo, inayotengenezwa Muhoroni. Ile hutoka kwenye molasi ya miwa kwa kazi ya hamira, na hewa ukaa ndiyo inayotoka, haiingii. Na tafadhali, methanoli haionjwi hata tone: inapofusha na kuua.