Kujifungisha kunalipa? Maswali yenu kuhusu timu za NBA zinazojijenga upya

Tangu nigusie timu za NBA zinazobomoa kikosi ili zianze moja, ujumbe wenu haujakoma. Wengine mmekuja na hasira, wengine na mahesabu. Leo najibu matano.

"Huku kwetu timu ikiburuza mkia inashuka daraja na viongozi wanazomewa mpaka mlangoni kwao. Hao Wamarekani wanafaidika nini kuwa wa mwisho?" (Msomaji, Tabata)

Umeshajijibu uliposema "daraja". NBA hakuna kushuka daraja. Ukifungwa mechi 72 kati ya 82, mwakani upo palepale, na tiketi unauza. Tena kila mwaka kuna drafti (siyo ile ya visoda pale kijiweni), ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na waliofanya vibaya ndio hutangulia. Kikapu ni watu watano uwanjani. Kijana mmoja wa kiwango cha LeBron James anabadilisha kila kitu, jambo ambalo mshambuliaji mmoja kwenye soka hawezi kulifanya peke yake.

Ila zamu yenyewe hupangwa kwa bahati nasibu. Timu 14 zilizokosa mtoano zinangoja mashine izungushe mipira 14 midogo na kutoa minne. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja hautumiki, 1,000 inagawiwa timu hizo. Zamani timu mbovu kuliko zote ilipewa 250. Mwaka 2019 ikapunguziwa hadi 140, sawa kabisa na mbili zinazoifuatia, na kinga yake pekee ikawa kwamba haiwezi kuchagua baada ya nafasi ya tano. Hiyo ya tano, kwa hesabu, inaiangukia timu ya mwisho karibu nusu ya mara. Detroit Pistons walikuwa wa mwisho 2023: wakapewa ya tano. Wakawa wa mwisho tena 2024: ya tano. Utah Jazz 2025, wa mwisho, ya tano. Mwaka huohuo Dallas Mavericks, wenye asilimia 1.8 tu ya kupata nafasi ya kwanza, wakaipata, na pamoja nayo kijana Cooper Flagg, miezi mitatu baada ya kumwachia nyota wao Luka Dončić aende Lakers kwa dili lililowatoa mashabiki wao machozi. Wengine wamezaliwa na nyota yao.

"Sasa hii ina tofauti gani na kuuza mechi?" (Msomaji, Mwanza)

Mchezaji hauzi kitu. Kijana aliyepewa dakika 30 kwenye timu mbovu anapigania mkataba wake, kila mpira anautupa akiomba uingie. Mambo yanapangwa ofisini: nani acheze, nani apumzike, goti la nani lianze kuuma ikifika Machi. Machi 2021 Oklahoma City Thunder walikubaliana na Al Horford, mtu mzima wa afya, akae nje mpaka msimu uishe.

Ligi hukunja uso jambo likiwa wazi mno. Aprili 2023 Mavericks walipigwa faini ya dola 750,000 kwa kuwaweka nje wachezaji muhimu dhidi ya Chicago Bulls, na bado walikuwa na matumaini ya kusonga mbele. Chaguo lao la drafti, walilokuwa wameshaliuza, lingekwenda kwa New York Knicks kama lisingeangukia kwenye kumi za juu. Likaangukia la kumi. Wakalifanyia biashara, wakaishia na Dereck Lively, na msimu uliofuata wakacheza fainali. Faini ya namna hiyo hata mimi ningelipa, kwa mkopo.

"Mimi na washkaji tunaendesha timu kwenye NBA 2K, ule mchezo wa video. Nina nyota wa miaka 30, mkataba umebakiza misimu miwili, waliobaki ni watoto. Jamaa ananipa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, la mwakani na la mwaka wa tatu kutoka sasa, pamoja na mkongwe mwenye mshahara mnono ambaye hamtaki. Niuze?" (Msomaji, Likoni)

Uza, lakini siyo kwa bei hiyo.

Muda umeupatia. Misimu miwili kwenye mkataba ni wakati mzuri. Ukibaki mmoja, kila mnunuzi anajua una njaa na atakungoja ulegee. Tatizo ni hayo machaguo. Jamaa akimchukua nyota wako atashinda mechi nyingi, kwa hiyo chaguo lake la mwakani litakuwa la 25 huko, makapi. Wewe dai ya mbali. Kanuni zinaruhusu kuuza chaguo la mpaka miaka saba mbele, ingawa haziruhusu timu ikae miaka miwili mfululizo ijayo bila chaguo la raundi ya kwanza, na ndiyo maana watu huziba mapengo kwa haki ya kubadilishana nafasi: mwaka huo nafasi yake ikiwa nzuri kuliko yako, unaichukua ukitaka na yeye anabaki na yako. Miaka sita kuanzia leo nyota wako atakuwa na 36 na timu ya jamaa imechoka. Hapo ndipo unapoingia shambani kuvuna.

Mfano wangu ni Thunder, Julai 2019. Walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers, wakapokea machaguo matano ya raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana, Danilo Gallinari, na kijana mwenye msimu mmoja tu kwenye ligi aitwaye Shai Gilgeous-Alexander. Kisha wakafungwa kweli. Ushindi 22 msimu mmoja, 24 uliofuata. Desemba 2021 niliamka, nikafungua simu, nikakuta Memphis 152, Oklahoma City 79. Nilidhani aliyeandika amekosea, nikafungua ukurasa mwingine. Tofauti ya pointi 73 ilikuwepo palepale, na ilikuwa rekodi ya ligi. Mwaka 2025 timu hiyo ikatwaa ubingwa kwa ushindi 68 wa msimu wa kawaida. Ni kweli kufungwa kuliwapa Chet Holmgren, chaguo la pili 2022. Lakini Shai alitoka Clippers, na Jalen Williams, wa 12 mwaka huohuo, alichaguliwa kwa chaguo la Clippers. Nguzo mbili kati ya tatu zililetwa na dili moja.

Halafu huyo mkongwe. Wengi wanamwona kama takataka ndani ya dili, kumbe ndiye anayekupa nguvu ya kudai zaidi. NBA mishahara ya wanaobadilishwa inatakiwa ikaribiane, isipokuwa kwa timu yenye nafasi kwenye kikomo cha mishahara. Wewe mwenye watoto wengi unayo nafasi hiyo. Ukimbebea jamaa mzigo wake, nauli ni chaguo jingine juu ya hayo mawili, lisilo na kinga (kinga naieleza kwenye swali linalofuata). Akikataa, achana naye, atarudi Februari dirisha likikaribia kufungwa.

"Huku Goma Jonathan Kuminga ni mtoto wetu. Nasikia Golden State walimchagua kwa chaguo lisilo lao, na kwamba lilikuwa na 'kinga'. Ilikuwaje?" (Msomaji, Goma)

Februari 2020 Golden State Warriors, timu ya San Francisco, waliwapa Minnesota Timberwolves D'Angelo Russell, wakamchukua Andrew Wiggins na chaguo la Minnesota la 2021. Minnesota waliweka sharti: likiangukia nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu, linabaki kwetu. Hiyo ndiyo kinga. Msimu ulipofika walifungwa mechi 49 kati ya 72, bahati nasibu ikachezeshwa, wakatoka wa saba. Nje ya kinga. Warriors wakasogea mbele na kumtaja kijana wenu.

Itazame kwa upande wa shabiki wa Minnesota: umefungwa msimu mzima, matunda yameliwa San Francisco. Na Wiggins ambaye wengi walimwona kasha tupu lenye mshahara mkubwa akawa mhimili wa ubingwa wa 2022, msimu wa kwanza wa Kuminga.

"Sam Hinkie wa Philadelphia alikuwa mtaalamu au tapeli? Na Thabeet je, si ndiye ushahidi kwamba kushika mkia ni kupoteza muda?" (Msomaji, Morogoro)

Hinkie, aliyekuwa meneja mkuu wa Philadelphia 76ers, hakuwa tapeli. Hesabu zake zilikuwa sawa. Alianza 2013 kwa kumuuza Jrue Holiday, na kwa misimu mitatu Philadelphia 76ers walishinda mechi 47 kati ya 246. Joel Embiid akapatikana 2014, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi. Ila watoto wale walikulia kwenye kufungwa bila mkubwa wa kuwafundisha kuvaa viatu, na Hinkie alijiuzulu Aprili 2016 kwa barua ya kurasa 13. Walioingia baada yake, mwaka 2017, wakampa Boston Celtics chaguo lao la tatu na lingine la mbele ili wachague wa kwanza: wakamchukua Markelle Fultz. Boston kwa la tatu wakamchukua Jayson Tatum. Na lile la kwanza Boston walilipata wapi? Kwa Brooklyn Nets, waliouziwa Paul Pierce wa miaka 35 na Kevin Garnett wa miaka 37. Boston waliendelea kushinda mechi zao huku wakiwaombea Brooklyn njaa. Mimi nikiwa meneja, huo ndio mkeka wangu: acha mwingine afungwe kwa niaba yako.

Pistons waliofungwa mara 28 mfululizo mwaka 2023 waliinuka walipomleta kocha mpya na wazee kama Tobias Harris kukaa na Cade Cunningham. Kutoka ushindi 14 hadi 44, msimu mmoja.

Kuhusu Hasheem Thabeet, tuwe wa haki kwa mtoto wa Dar. Hakujichagua. Memphis Grizzlies walifungwa mechi 58, wakapata nafasi ya pili 2009, wakamtaja yeye huku James Harden na Stephen Curry bado wamekaa. Lakini Memphis hiyohiyo ilijengeka kwa njia nyingine: Marc Gasol alikuja ndani ya dili la kaka yake Pau lililochekwa ligi nzima, Zach Randolph akatoka Clippers kwa bei ya chee. Na Februari 2011 Thabeet mwenyewe akatumika kumleta Shane Battier kutoka Houston. Miezi miwili baadaye, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa vinara wa kanda, sekunde zisizofika 30 zimebaki, Battier akatupa wa pointi tatu, ukaingia. Ukawa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya Memphis.