Hamadi na spitali ya wakubwa

Mwanangu Asha,

Salamu zako zimefika, na suali lako pia: Hamadi nduguyo katimiza miaka 18, kliniki ya watoto iliyokuwa ikimwangalia usonji wake (autism, hali ya kuzaliwa nayo) na kifafa imeshamuaga, sasa atibiwe wapi? Na si bora aje Unguja akae na wewe, kwenye madaktari wengi?

Kwanza ujue kuwa huko kwa wakubwa tushakwenda. Chumba chenyewe hukijui: mabenchi yamejaa, feni yalia, watu wakohoa. Hamadi kavuta kofia mpaka masikioni. Daktari kijana, si mtovu wa adabu, ila macho yake kwangu tu. "Anaumwa nini?" Nikamwambia, muulize mwenyewe, baba. Akamuuliza mara moja, mbio mbio, akaona kimya, akaandika. Na Hamadi unamjua, unamuuliza sasa hivi anakujibu ushasahau. Mara nikamwona kainamia meza, aisoma ile kadi juu chini, akasema: "Nasema."

Kumbe kijana kaandika "hasemi".

Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule daktari nacheka peke yangu jikoni. Kisha nakumbuka kuwa lile neno alilipiga mstari mmoja tu, bado lasomeka, hasira zinanirudi. Mtu mzima huulizwa mwenyewe. Nilimwambia baba yako hivyo hivyo ulipotaka kwenda kusoma wewe, na alininunia wiki nzima.

Ile karatasi uliyonitumia, kwamba madaktari wa Marekani washauri mtoto aanze kutayarishwa kuhamia kwa wakubwa akiwa na miaka 12 mpaka 14, nimeisoma. Sisi tumetayarishwa mlangoni. Sheria yetu ya mtoto yasema mtoto ni wa chini ya miaka 18, haya, lakini usonji hauishi siku mtu atimizapo 18. Wala kifafa. Chake kilianza ndevu zikimtoka, na yule daktari wake wa zamani alishatueleza kuwa baadhi ya wenye usonji kifafa huwapata umri huo. Dawa alikuwa akimpimia kwa kilo zake. Yule ajua ilianza lini, ilipandishwa lini, ipi ilimtoa vipele. Huyu mpya ana kadi yenye neno lililokatwa.

Basi nimekaa na Hamadi tukaandika karatasi yetu, kwa mwandiko wake. Jina la dawa, vidonge vingapi na saa ngapi, kifafa cha mwisho kilikuwa lini. Halafu akaongeza yake: "Mkanda wa presha nioneshwe kwanza. Msubiri nijibu." Hiyo ya pili sikumfundisha mimi.

Lakini hapo nabishana na nafsi yangu. Aulizwe mwenyewe, sawa. Na siku ana maumivu asiyaseme? Lile jino, wakumbuka, alitafuna ukosi wa kanzu kutwa mpaka ukalowa chapa. Nani alijua kuwa ni jino? Daktari wa wakubwa atajua habari za ukosi? Kwa hivyo chumbani nitaingia, na nitakaa. Ila nitakaa nyuma yake, si mbele. Baba yako asema nyuma au mbele mdomo wangu ni ule ule. Mwache.

Ama la Unguja, mimi nina langu moyoni na silisemi. Huko madaktari ni wengi zaidi, hilo kweli. Na chumba chako kiko juu ya njia ya daladala, na Hamadi honi zamtoa roho, hilo nalo kweli. Bi mkubwa wa jirani yeye ashatoa hukumu, apelekwe Kidongo Chekundu, spitali ya wagonjwa wa akili, kana kwamba usonji ni wazimu. Nilimjibu, usiniulize nini.

Usimpigie simu, atakata. Mwandikie, na umwandikie yeye, si mimi nimsomee. Jibu likichelewa usirudie kumuuliza. Na ukija, niletee ile miwani yangu, hapa naandika kwa kubahatisha.

Mama yako
Wete, Pemba