Kliniki inatangaza sindano ya seli shina kwa ITP, niende?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina ITP (kinga ya mwili kuharibu pleteleti, zile chembe zinazogandisha damu) mwaka wa pili sasa, pleteleti zilishuka mpaka 18,000 nikapewa prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga) zikapanda, wakipunguza dozi tu zinashuka tena, uso umevimba na usingizi sipati. Kuna kliniki inatangaza sindano ya seli shina, eti ITP inaisha moja kwa moja. Nikope hela niende? Na mbona hospitalini hawajawahi kuniambia habari hizi?

JIBU: Marahaba dada, usikope kwanza.

Pleteleti za kawaida ni 150,000 mpaka 450,000 kwa maikrolita. Wewe uboho wako unazitengeneza, shida ni kinga yako inazibandika kingamwili, zikipita kwenye bandama zinaliwa, na kingamwili hizohizo zinazidhoofisha hata zile seli kubwa za kwenye uboho zinazozalisha pleteleti. Mwaka 1950 daktari Mmarekani, William Harrington, alijiwekea damu ya mgonjwa wa ITP na pleteleti zake zikaporomoka ndani ya masaa machache (jamani msijaribu), ndo ikaonekana adui yumo ndani ya damu yenyewe.

Sasa hiyo "seli shina" inategemea mtu anamaanisha nini. Upandikizaji wenyewe ni hivi, wanavuna seli shina zako, zile zinazozaa seli za damu, wanazigandisha, halafu unapigwa kemotherapi kali ya kuifuta kinga ya zamani, kisha wanakurudishia seli zako ili damu ianze kutengenezwa upya. Yaani anayepigana na ugonjwa pale ni kemo, seli zinakuja kukuokoa baada ya kemo! Kwahiyo mtu akikwambia sindano tu unarudi nyumbani jioni, hiyo ni kitu kingine kabisa. Na hata upandikizaji wenyewe wamefanyiwa wachache sana waliogomewa na dawa zote. Ripoti moja ya Marekani ya 2003 ilikuwa na wagonjwa 14, pleteleti zikarudi kawaida kwa 6. Si haba, ila kemo ya namna hiyo inaweza kuua kwa maambukizi, na ITP yenyewe kwa wengi haiui, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kliniki nyingi za matangazo zinauza seli za mesenkaima, aina nyingine ya seli shina, zinatolewa kwenye mafuta ya mwili au kamba ya kitovu cha mtoto. Kwenye maabara zinatuliza kinga kweli, ila kwa ITP bado ni majaribio, na utafiti wa kweli kwa kawaida haukutozi hela ya kitu kinachojaribiwa.

Hospitalini hawajakuambia kwa sababu una hatua nyingi kabla ya huko. Kuna eltrombopagi na romiplostimu zinazousukuma uboho uzalishe zaidi, zote zilipata kibali Marekani 2008, kuna rituksimabu inayopunguza seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, kuna kutoa bandama ambako kama theluthi mbili wanaitikia vizuri (chanjo kwanza lakini!). Ulipimwa HIV, homa ya ini C, lupasi (ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe) na bakteria wa tumboni anayeitwa pailori? Hivyo vinaweza kuwa ndo chanzo, uliza.

Prednisoloni usiiache ghafla hata kama uso unakukera, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki kaa nazo mbali, na kichwa kikiuma vibaya ghafla au choo kikawa cheusi nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hao wa kliniki waulize seli zinatoka wapi, kuna kemo au hakuna, na nani atakupima pleteleti baada ya miezi sita. Wakianza kukutumia video za waliopona badala ya majibu, wabloku.