Je, Steve Jobs ndiye aliyewafungulia wasioona mlango wa kompyuta?
Ndugu, umeuliza kama Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, anastahili sifa hiyo, na kama binti yako asiyeona anunuliwe programu ya kusoma skrini, yaani inayotamka kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Sifa anastahili kwa sehemu: chini ya uongozi wake, VoiceOver, programu ya Apple ya kusoma skrini, iliingizwa ndani ya kompyuta za Mac mwaka 2005 na ndani ya iPhone mwaka 2009, bila malipo ya ziada, hata asiyeona akaweza kupitisha kidole juu ya kioo kisicho na vitufe na kutajiwa kila anachogusa. Lakini NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye kompyuta za Windows, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye; wote wawili wenyewe hawaoni. Basi usikimbilie kununua. Binti aijaribu NVDA kwanza, kwa kibodi tu, kipanya kikiwa kando.